Fomu Haitoki

Fomu ya tatu ilipenyezwa chini ya mlango saa tatu asubuhi. Mfagiaji wa hospitali hiyo, sasa mgonjwa katika chumba cha kutengwa, aliinama kuiokota, malengelenge ya mgongoni yakasuguana na gauni la hospitali, akauma meno. Akaitia saini juu ya goti. Ya kwanza na ya pili zilikuwa bado kitandani, zimesainiwa vizuri kabisa, na hazina kazi.

Siku ya tatu hiyo tangu ajifungue. Tetekuwanga ilimtoka siku ya pili, na mtoto akachukuliwa hapo hapo, hata hajamaliza kunyonya. Daktari hakuzungusha maneno: ugonjwa huu wa watoto wa shule, kwa kichanga unaweza kuwa kifo, achomwe sindano ya kinga leo leo. Na sindano ipo, imo kwenye friji ya wodi ya vichanga. Inatakiwa saini ya mama tu.

Tu!

"Nimeshasaini," alimwambia Bwana Afya kupitia kioo cha mlango. Huyu ndiye msimamizi wa maambukizi, kalamu tatu mfukoni. "Ichukue basi, kaka yangu."

"Mama, nimekueleza. Karatasi ikiingia chumba cha kutengwa haitoki. Ndiyo kanuni."

"Sasa kwa nini mnaziingiza?"

"Utasainije bila kuiingiza?"

Alisema hivyo bila hata kutabasamu. Sista, aliyesimama nyuma yake, akajaribu. "Bosi, si tuipige picha hapo kwenye kioo?"

"Picha haina wino."

Baba wa mtoto alikuwa safarini akiendesha lori la tajiri wake, simu haipatikani. Mama yake mfagiaji, aliyekaa sakafuni koridoni tangu jana, akanyoosha kidole gumba. "Niwekeeni wino mimi."

"Bibi, mzazi yupo hai na ana akili timamu. Wewe huhusiki."

"Sihusiki? Kwani huyo aliye humo kazaliwa na nani?"



Mfagiaji alijua ugonjwa kautoa wapi. Wiki mbili kabla ya uchungu, Bwana Afya huyu huyu alimpangia kupiga deki chumba cha watoto wenye tetekuwanga, na tumbo lile limefika kifuani. Aliomba abadilishiwe zamu. "Mimba si ugonjwa, dada," akaambiwa. "Shika ndoo."

"Sahani mnatoa humu," alisema sasa. "Mashuka mnatoa. Ndoo mnatoa."

"Hivyo vinaoshwa. Karatasi haioshwi."

Sista akachoka. "Navaa glavu, naichukua, yaishe!"

"Ichukue. Ukitoka hapo, pitia ofisini ukachukue na barua yako."

Sista akarudisha mikono mfukoni. Alikuwa na watoto wanne na mama mgonjwa. Mfagiaji hakumlaumu, au alimlaumu, hata mwenyewe hakujua tena. Aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili mpaka kioo kikatikisika.

"Mwanangu atakufa kwa karatasi! Mnanisikia? Kwa karatasi!"

"Tulia, mama. Suala lako linapelekwa kwenye kikao."

Kikao kikakaa kesho yake. Wajumbe hawakutimia, kikaahirishwa. Kilipokaa tena kilitaka maoni ya daktari kwa maandishi, na daktari alikuwa mapumzikoni. Fomu ya nne ikaja, ya tano ikaja, naye akazisaini zote, maana angefanya nini?

Siku ya tisa mlango ukafunguliwa. Sista aliingia na mtoto mikononi, hakuinua macho. Mtoto alikuwa wa moto. Malengelenge yalikuwa tumboni, shingoni, mpaka kwenye midomo.

"Sindano?" mfagiaji aliuliza.

"Haina faida tena. Yameshamtoka. Daktari anatafuta dawa nyingine."

"Inapatikana?"

Sista akamrekebishia mtoto kitambaa.

"Haya, mama," Bwana Afya alisema kutoka koridoni, kwa upole kabisa. "Sasa mnaruhusiwa kukaa pamoja. Na fomu haihitajiki tena."

Mfagiaji alimpa mwanawe ziwa. Midomo ilishika, ikaachia, kikatoka kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa. Akampa tena. Nje, chaki ilikwaruza kwenye ubao wa idadi ya wagonjwa uliotundikwa mlangoni: Bwana Afya alikuwa akifuta moja, akiandika mbili.