Msumari wa Kukunjia Shuka

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Nilikunja miaka ishirini na mbili katika kiwanda kile kile cha kufulia anakofanya kazi binti yangu, kwa hiyo najua. Mmoja anashika pembe zake huku, mwenzake kule, mnavuta, mnalikung'uta, mnakutana katikati. Pale katikati ndipo tulipopashana umbea wote.

Kisha msimamizi mpya akawaambia kina binti yangu kwamba wao si wafanyakazi tena, ni washirika, kila mtu na idadi yake ya mashuka ubaoni. Sasa shuka la wawili liandikwe kwa nani? Waligombana wiki nzima. Mwishowe kila mmoja akapigilia msumari ukutani kwake, msumari ndio ukawa mwenzake.

Juzi binti yangu alirudi saa kumi, akavua viatu, akavipanga.

"Mama Pacha kaanguka," akasema.

Mama Pacha ni shoga yake, walikunja pamoja miaka tisa kabla ya misumari.

"Kaanguka vipi?"

"Kaanguka tu. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande."

"Alilala pale chini muda gani?"

Akafikiri. "Mashuka kumi na moja."

Nilingoja asikie alichosema. Hakusikia.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pembeni yake, mama. Ubaoni nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho anapewa likizo ya moja kwa moja."

"Mumewe kapita hapa kabla hujarudi, kaniambia amelazwa hospitali; nilitaka tu kusikia kwako. Anasema maneno hayatoki vizuri, ila jina lako analitaja. Nenda ukamwone."

"Kesho nina zamu."

"Basi sasa hivi."

"Nimechoka, mama." Kama mtu anayesoma kibao cha duka.

Nikaenda kuanua nguo. Nilidhani tukikunja pamoja moyo wake utalegea kidogo. Nikamnyooshea pembe mbili za shuka. Akalichukua shuka lote, akaangaza ukutani, akalitundika kwenye msumari wa kalenda, akakunja. Alikunja vizuri, sitaki kusema uongo. Kalenda ilianguka. Hakuiokota.

Nikalitia lile shuka kwenye kikapu, nikaenda hospitali mwenyewe. Mama Pacha alitazama nyuma yangu, mlangoni.

"Yu wapi?"

"Yuko kwenye zamu," nikamdanganya.

Nikalikunjua shuka, nikampa pembe zake mbili. Moja aliishika kwa mkono mzima. Ya pili ikaning'inia hadi sakafuni.