Dawa ya Nini

Kwa miaka mitatu, kila wanajumuiya wa Chanika walipomuuliza mama yake Herieth binti yako anafanya kazi gani, alijibu, "Yupo tu huko Mikocheni." Yupo tu, kama sufuria iliyotoboka ambayo mwenyewe hana moyo wa kuitupa. Herieth angeitwa mvivu isingemuuma hivyo.

Herieth alikuwa anatengeneza gemu. Ndani yake watu wadogo walianzisha kijiji, wakalima, wakajenga, wakapambana na panya. Wachezaji wakalalamika: "Mbona huku watu hawauguagi?" Basi yeye na mwenzake Brightson wakaleta homa. Nayo homa haiji peke yake, ikabidi waongeze kazi mbili: mtafiti wa magonjwa na mtengeneza dawa. Mtengeneza dawa Herieth alimpa jina la mama yake, Yuliana, aliyegawa dawa zahanati miaka thelathini na moja hadi alipostaafu. Kisha akamwalika aje ajaribu kucheza. Alitaka kitu kimoja tu, mama aondoke pale na jibu jingine la kuwapa wanajumuiya.

Mama alikuja Jumamosi na miwani yake. Brightson akampa shikamoo na kiti.

Mama akaanza kucheza. Kwenye skrini mtafiti akaichunguza homa, akaielewa. Yuliana mdogo akachemsha majani, akapeleka chupa ghalani. Wagonjwa wakapanga foleni, wakanywa, wakafa. Walikuwa kumi na wanne, na hakuna aliyeruka foleni.

"Nimewaua," mama akasema.

"Sio wewe, mama," Herieth akasema. Alikuwa anaona aibu mpaka masikioni.

Brightson akafungua orodha ya ghala. Aliiandika yeye mwenyewe, na kila kilichoitwa dawa alikuwa amekiweka fungu moja: dawa ya homa, dawa ya viatu, dawa ya panya. Mgonjwa alichukua iliyo karibu na mlango. Karibu na mlango kulikuwa na ya panya.

"Baba," mama akamwambia kwa upole, "dawa ni neno nusu. Mtu akija dirishani anataka dawa, unamuuliza, dawa ya nini? Asipojibu, haondoki na kitu."

"Sawa, mama."

"Humu nani anaandika lebo?"

"Hakuna," Brightson akasema.

"Basi hiyo ndiyo kazi mliyosahau."

Akavuta kiti mbele. Mchana kutwa alisema, Herieth akaandika: ya nini, ya nani, mara ngapi, kabla ya kula au baada. Saa kumi simu ya mama ikaita. Alikuwa Mama Benedicta wa jumuiya, anauliza mbona haonekani, na Herieth je, hajambo?

"Herieth yuko kazini," mama akasema, macho kwenye skrini. "Nami niko naye. Nitakupigia, mwenzangu, asubuhi tumepoteza watu kumi na wanne."