Kabari ya Kulia

Nati alimtangulia mdogo wake, Msumari, katika kila kitu: kuzaliwa, kuota meno, hata kushika spana. Ndiyo maana siku tajiri wa gereji alipomwita Msumari "fundi wangu", na yeye kasimama palepale na grisi yake mikononi, roho ilimwuma kama katiwa pilipili.

Zilikuwa enzi za motokaa za mwanzo, zile za magurudumu membamba. Moja, ya daktari, ilikuwa na maradhi. Ukienda polepole, shwari; ukiongeza mwendo, magurudumu ya mbele yanacheza huku na huku na usukani unakurukia mikononi. Nati alibadilisha pini, akakaza kila nati, wapi! Msumari ndiye aliyesema ekseli ya mbele imesimama wima mno, ndiyo maana magurudumu hayatulii. Iinamishwe nyuma kidogo kwa kabari za chuma, zikae kati ya springi na ekseli, upande mnene nyuma.

"Ukiliponya hili gari," tajiri akamwambia, "wewe ndiye mkuu wa mafundi."

Mkuu! Aje amwamrishe kaka yake wa kuzaliwa!

Msumari akajilaza chini ya gari, Nati akamshikia taa. Kabari ya kushoto ikakaa sawasawa. Ya kulia, kwa haraka na furaha, akaifunga kinyume, upande mnene mbele. Nati aliiona. Neno moja lingetosha, na lilimfika ncha ya ulimi, akalimeza. Acha aaibike, akajisemea moyoni. Kidogo tu, asije akatupanda kichwani.

"Kaka, unaonaje?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye akili si wewe!"

Msumari akacheka, akidhani ni utani wao wa nyumbani.

Akalitoa gari peke yake kwenda kulijaribu. Pale barabara inapoteremka, magurudumu yakashikwa na kichaa. Usukani ukamponyoka, ukazunguka kwa nguvu, na chuma chake cha katikati kikampiga kwenye kiwiko cha mkono wa kulia. Waliomkimbilia walisikia kelele zake kabla hawajamfikia. Gari lilikuwa limeegemea ukuta, zima. Mkono ulikuwa umevunjika.

"Basi," tajiri akasema, "limetushinda. Mwenyewe aje alichukue."

Hapo ndipo Nati alipoona nafasi yake inapita.

"Niachie mimi, bosi."

Akaingia uvunguni, akalegeza boliti za kulia, akaigeuza kabari, akakaza, akaondoka na gari. Akateremka mteremko uleule kwa kasi, usukani umetulia tuli. Akarudi kifua mbele.

"Kumbe fundi ni wewe!" tajiri akampigia makofi.

Msumari alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, mkono umefungwa vipande vya mbao, jasho linamtoka.

"Kaka," akasema taratibu, "ya kushoto hukuigusa. Hata kuitazama hukuitazama."

Nati akajitia kutafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Uliiona nilipokuwa naifunga, si ndiyo?"

Makofi ya tajiri yakakatika.

Nati hakupewa ukuu, wala hakuna aliyepewa. Mkono wa Msumari uliunga vibaya, spana haikukaa tena vidoleni. Mama yao hakumgombeza Nati hata mara moja. Alimpa kazi tu: kila asubuhi amfunge mdogo wake vifungo vya shati. Naye Msumari huinua kidevu, akatazama ukuta, mpaka kifungo cha mwisho.