Hewa ya Elwak katika Kabureta

Baada ya sala ya alasiri, Shuaib alitandika gunia chini ya mwarobaini wa uani kwake Garissa, akafungua boneti ya Land Rover yake kuukuu, akaitoa kabureta kwa mikono miwili. Gari lilikuwa likikohoa tangu Modogashe, na Ijumaa baada ya sala ilikuwa zamu ya kwenda Elwak. Huko alikuwa na duka lake la pili la dawa za mifugo, na mke wa pili, Deka. Mke wa kwanza, Raho, alitoka jikoni akakuta karai lake limejaa petroli.

"Baba Idman, hilo ni karai la kukorogea unga wa anjera."

"Nitaliosha kwa sabuni."

"Ndivyo ulivyosema mara ile. Tulikula anjera za petroli mpaka Idi."

Shuaib alishika bisibisi. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya kitambaa, akatumbukiza jeti, vile vijitundu vya shaba vya kupitishia petroli, katika karai. Kisha akaziinua, akazipuliza kwa pampu ya baiskeli badala ya kuzichokoa kwa waya, kwani waya hupanua tundu na gari likaanza kunywa petroli kuliko linavyotembea.

Jeti ya kwanza ilitoa vumbi jekundu la njia ya Wajir, kiasi cha kujaza kikombe. Ya pili ilitoa mvua. Kabureta huvuta hewa popote gari lipitapo, nayo hewa haiji peke yake. Jambo hilo mafundi wa Garissa wanalijua. Mvua ilinyesha juu ya gunia na juu ya kamba ya nguo za jirani, Habibo, ambaye alichungulia juu ya ua.

"Abaayo, dada yangu, mvua ya wapi hiyo?"

"Ya Elwak," akasema Raho.

"Walaahi wamejaliwa. Ni ndefu? Nianue nguo?"

"Anua tu."

Ilibaki chemba ya petroli. Shuaib alichelewa kuifungua. Alipangusa bisibisi, kisha akaipangusa tena. Raho alikaa juu ya kigoda akamngoja. Mfuniko ulipoinuka, ukatoka moshi wa uunsi, ule ubani wa kufukizia nyumba, mzito na mtamu. Kila nyumba ina mchanganyiko wake wa uunsi, na huu haukuwa wa nyumba hii.

"Anatia karafuu nyingi," akasema Raho.

Nyuma ya moshi ikatoka sauti ya Shuaib mwenyewe, laini, ikighani beti. Mwanamke aliyesifiwa alifananishwa na visima vya Eldas baada ya masika, pale ngamia waliochoka hupiga magoti kabla hawajaamriwa. Raho alizijua beti hizo kama anavyoijua Fatiha. Shuaib alizitunga alipokwenda Eldas kumposa, akiwa na ngamia wachache mno. Baba yake Raho alipokunja uso, Raho mwenyewe ndiye aliyetuma neno kwamba beti zile zinamtosha. Ngamia walikwisha kufa kwa ukame. Beti ndizo zilizobaki. Sasa kila palipokuwa na jina lake, palikuwa na jina la Deka.

Shuaib alikuwa akikwangua gasketi iliyoganda.

"Deka amewahi kufika Eldas?" Raho akauliza.

"Hajafika."

"Basi anasifiwa kwa visima vya kwetu."

"Ni maneno tu, Raho."

"Mtungie yake. Haya yangu nirudishie."

Shuaib aligeuza boya dogo la shaba la chembani kwenye mwanga, akilitafuta tundu. "Nimejaribu," akasema. "Hayanijii mengine."

Raho alimwita Maalim Yahye, aliyekuwa akipita kwenda msikitini. Maalim alisalimu, akavuta uunsi puani, akasikiliza beti mpaka mwisho kwa adabu, kwa kuwa zilikuwa na mizani nzuri. Raho alipomweleza kuwa zilitungiwa yeye, Maalim akamgeukia Shuaib.

"Siku zao ni sawa?"

"Sawa, Maalim."

"Chakula na mavazi?"

"Sawa. Hata shuka nanunua jozi."

"Kweli, Raho?"

"Kweli, Maalim. Shuka ni jozi."

Maalim alishika ndevu zake. "Katika mlango wa kugawa baina ya wake sikusoma kuhusu mashairi," akasema. "Lakini, Shuaib, mimi ningeona haya."

"Naona haya, Maalim," akasema Shuaib, akaisafisha sindano ya chemba kwa pindo la kikoi chake. Adhana ilipoanza, Maalim akaenda zake.

Shuaib alipotaka kurudisha mfuniko, Raho alimshika mkono. Aliinamia chemba tupu, akaghani beti zote kwa jina lake mwenyewe, polepole, asiache hata neno. Shuaib alingoja. Raho alipomaliza, mume aliweka gasketi mpya, akakaza skrubu kwa mshazari ili mfuniko usipinde. Gari liliwaka mara moja, na Ijumaa likaenda Elwak bila kukohoa.

Zamu ya Garissa iliporudi, Shuaib alipokuwa amelala, Raho alifungua boneti na kuitoa kabureta yeye mwenyewe. Sauti yake ilitoka kwanza, nzima kama alivyoiacha, kwani Elwak hakuna aliyekuwa na sababu ya kufungua chemba. Nyuma yake ukafuata uunsi wenye karafuu nyingi, kisha sauti ya Shuaib na jina la Deka. Raho alisikiliza mpaka mwisho, akaosha jeti, akazipuliza, akasema beti zake upya ndani ya chemba na kukaza skrubu kwa mshazari.

Amefanya hivyo kila zamu tangu siku ile. Amejinunulia karai lake la petroli. Mvua ya Elwak ikitoka, Habibo huleta ndoo. Madereva wa njia ya Wajir husimama kuisikiliza injini ile ikinguruma sawasawa, humwambia Shuaib kwamba Mwenyezi Mungu amempa mke anayelipenda gari lake, naye hujibu, "Alhamdulillahi," kisha huingiza gia.