Wachumba Wawili wa Paa la Mama Ghazwan

Paa langu lilipata wachumba wawili siku moja. Asubuhi Wamarekani, alasiri vijana wa mapambano, na hakuna aliyekuja hata na sahani ya halua.

Ni kweli nyumba yangu ndiyo ndefu kuliko zote mtaani. Marehemu Baba Ghazwan aliuza teksi yake akaongeza ghorofa, apate kulala kiangazi penye upepo wa mto. Ukisimama juu unaiona barabara kuu yote mpaka darajani. Ndio uzuri wake, na ndio balaa lake.

Ofisa wa Kimarekani alikuwa na adabu, sisemi uongo. Alivua kofia ya chuma sebuleni, uso umemwiva kwa joto. Mkalimani wake, kijana wa Basra aliyejificha nyuma ya miwani myeusi, akasema, "Mama, bwana anaomba paa. Askari wake wakae juu waangalie barabara. Watakuja kesho mchana."

"Anaomba au anaamuru?"

Mkalimani akajikuna shingo. "Anaomba hivyo hivyo, mama."

Alasiri wakaja watatu, vitambaa usoni, macho tu nje. Mkubwa wao akaikoromesha sauti ili asijulikane. "Kesho tunalitaka paa, shangazi. Doria ikipita tutaishukia. Usikatae, ni kwa ajili ya nchi."

Nilikuwa namtazama miguu. Mtaa mzima una mtu mmoja tu anayeutupa mguu wa kushoto namna ile: Muthanna, mwana wa muuza achari. Nilimfuta kamasi huyu. Nikamwacha aendelee kukoroma.

Walipotoka, wifi yangu Najiya, ninayeishi naye tangu tuwe wajane, akanigeukia.

"Wape Wamarekani. Nani alimwondoa Mwenye Picha, yule mtawala aliyejaza sura yake kila ukuta? Wewe? Hawa wenye vitambaa walikuwa wapi miaka yote ile? Si walikuwa wanamwimbia kwenye gwaride!"

"Siku picha zinaanguka nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, Najiya, ulikuwepo. Lakini mtu akikutolea nyoka chumbani, unamshukuru, unampa chai, anakwenda kwao. Hahamii kitandani."

"Basi wape kina Muthanna, hata mimi mguu ule nimeujua. Ni wanetu."

"Wanetu wanakuja kupigana, wakimaliza wanakimbia. Nyumba yangu ina miguu ya kukimbilia?"

Hapo Najiya akageukia dirisha, tunakoliona shimo palipokuwa nyumba ya Haji Shawkat. Wakati wa vita, watu wa chama cha Mwenye Picha walipandisha mzinga juu ya paa lake bila hata kubisha hodi. Ndege ikaja. Leo watoto wanacheza mpira shimoni, na Haji anaishi kwa mkwewe Hilla, anaulalamikia mchuzi wa watu. Paa likishashika bunduki, iwe ya nani, nyumba imekwisha. Na mimi sina mkwe Hilla.

Najiya akachukua nyanya moja kapuni, akaigeuza mkononi. Kisha akanung'unika, "Na nyanya zangu nitaanika wapi sasa?"

Nikambusu paji la uso; alikuwa ameitaja dawa bila kujua.

Kwetu mwanamume hapandi paa bila kupaza sauti ngazini, "Ya Allah!", ili wanawake wajisitiri. Wakimwambia wapo, anageuza. Hata wezi wa Baghdad wanaijua adabu hiyo. Kabla ya magharibi nilikuwa nimegonga kila mlango: "Kesho nyanya ni kwangu! Jua la juu linakausha upesi. Njooni na masinia, njooni na maneno." Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Muthanna.

Asubuhi hapakuwa na pa kuweka unyayo. Masinia ukuta kwa ukuta, rojo jekundu, chumvi, shashi za kuzuia nzi, na wanawake wa mtaa mzima mikono imelowa mpaka viwikoni, wakimchambua bibi harusi wa wiki iliyopita.

"Ya Allah!" Sauti ya kukoroma ngazini.

"Tupo!" tukaitika wote.

"Shangazi, tuliongea jana..."

"Jana paa lilikuwa tupu, mwanangu."

Mama Muthanna akaacha kukoroga. "Hiyo sauti naijua! Muthanna! Umekula?"

Kiatu kikakwaruza ngazi. Halafu, kwa sauti yake ya kuzaliwa, "Mimi siye Muthanna."

"Basi wewe usiye Muthanna, mwambie Muthanna wali wake uko jikoni, na akikanyaga sinia langu moja asirudi nyumbani!"

Tulicheka mpaka Najiya akamwaga chumvi. Viatu vikashuka, kimoja kikiburuta.

Adhuhuri ikaja zamu ya Wamarekani. Hao walijiandaa: walileta askari mwanamke. Akapanda na bunduki yake, akafika mlangoni akasimama, macho yanamtoka. Akatafuta njia. Akainua buti, akakosea, likazama katikati ya sinia la Mama Muthanna.

Wanawake wote wakageuka. Mama wa mpiganaji akainuka, akachukua kijiko, akapiga magoti, akaanza kulikwangua lile buti taratibu, akirudisha nyanya pembeni ya sinia. Yule binti akasema neno kwa lugha yake, mashavu yamemwiva.

"Asinishukuru," Mama Muthanna akasema bila kuinua kichwa. "Sitaki waondoke na nyanya yangu."

Binti akashuka kinyumenyume. Tukamsikia akimweleza ofisa kwa maneno mengi. Mkalimani akaita kutoka chini, "Mama! Bwana anauliza mtamaliza lini!"

Nikachungulia juu ya ukingo wa paa. "Mwambie nyanya zikikauka tunaanika bamia. Bamia zikikauka, pilipili. Na usiku tunalala hapa hapa, joto hili unalijua."

Nilimwona akikaza midomo asicheke. Ofisa akatazama juu, akatazama barabara, akaonyesha kibanda cha forodha cha zamani kule darajani, mbali na nyumba za watu. Magari yakageuka.

Jioni Najiya alikuwa anafunika masinia, anaimba. Ngazini pakasikika hatua, moja inaburuta. Hakukoroma safari hii.

"Ya Allah! Shangazi, ni Muthanna. Nimekuja kumbebea mama masinia."

"Tupo!" tukaitika wote, ingawa wengi walishakwenda kwao. "Subiri huko huko chini!"

Akasubiri.