Amri ya Mahameli

Msimamizi wa chumba cha kukatia aligundua kosa lake saa nne asubuhi, futi ikiwa mkononi na jora la kwanza la kitambaa likiwa limeshatandazwa mezani. Upana ulipungua vidole vinne. Akapima jora la pili, la tano, la tisa, yote yakawa yale yale. Majora hayo aliyapokea yeye mwenyewe wiki iliyopita, akasoma karatasi iliyokuja nayo na kutia sahihi bila kupima hata moja, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Oda ilikuwa ya ovaroli mia mbili za bluu. Alipiga hesabu mara tatu, na mara zote kitambaa kilimwishia kwenye ovaroli ya mia moja themanini na mbili. Bluu ile ilitengenezwa kwa oda hiyo tu. Hakukuwa na jora jingine la kuongezea. Meneja naye alishatamka mbele ya watu kwamba ikipungua ovaroli moja, aliyesababisha atafute kazi kwingine. Na meneja yule si mtu wa kutishia nyau.

Kilichomnyima raha zaidi ni kwamba mkataji mkuu alikuwa mama mkwe wake. Kiwanda kizima kilimwita Mama Chaki. Ndiye aliyemfundisha kazi miaka kumi na mitano iliyopita, kabla hajamwoa binti yake; kisha mwanafunzi akapanda cheo na mwalimu akabaki na mkasi wake. Nyumbani alimwamkia kwa kuinama, kazini akamwelekeza la kufanya. Jambo hilo halikuwahi kumkaa vizuri, na dawa yake ilikuwa kumpa maagizo huku akitazama ukuta. Siku hiyo alimtazama usoni.

"Shikamoo, Mama. Nimeharibu." Akamweleza yote, hata ile haraka ya Ijumaa.

"Marahaba. Umeharibu kweli," alisema Mama Chaki. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena na kuanza kuizunguka meza polepole.

Paterni za karatasi ngumu zilikuwa zimelala juu ya kitambaa jinsi msimamizi alivyozipanga tangu apewe cheo: migongo, mikono, miguu, kola, zote zikielekea dirishani. Katikati yake palikuwa na mapengo, na kila pengo ni kitambaa kitakachoishia kwenye gunia la mabaki. Mama Chaki akagonga paterni ya mguu kwa ukucha.

"Huu kwa nini umelala hivi?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Vichwa vyote dirishani."

"Sababu nilikwambia?"

Akakuna kichwa. "Hapana. Na mimi sikuuliza. Nilikuwa nakuogopa."

"Unaniogopa mpaka leo," alisema mama mkwe, na wakataji wengine wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Sikiliza, baba. Wakati ule tulikuwa tunashona mapazia ya mahameli. Mahameli ina manyoya, na manyoya yanalala upande mmoja. Ukigeuza kipande, pazia moja linaonekana la rangi mbili. Ndiyo maana ya vichwa dirishani. Hii ni pamba tupu, juu na chini ni sawa. Mahameli tumeiacha miaka kumi na mmoja sasa, na bado tunaitii. Mimi nimo. Nimeikata mistari yako kila siku bila kujiuliza."

Akaushika ule mguu, akaugeuza kichwa chini, akausukuma ubavuni mwa mwenzake. Sehemu pana ya mmoja ikaingia kwenye wembamba wa mwingine, na pengo likatoweka. Kisha mikono yake ikachangamka. Kola ikaingia kwenye mkunjo wa kwapa, mifuko ikapenya katikati ya miguu. Kipande cha ndani cha kifua, ambacho hakionwi na mtu, akakigawa viwili ili kitoshee pembeni, mshono wake ujifiche ndani. Msimamizi alisahau hofu yake. Alimwona mama huyu kila siku, na siku zote alimhesabu kuwa mkono mzuri wa mkasi, basi. Sasa alikuwa akitazama akili ikifanya kazi, na alimhusudu, akajionea aibu pia.

Walipiga hesabu upya. Mia moja tisini na sita.

Mama Chaki akasimama, mikono kiunoni. Alizungushazungusha kola, akairudisha. "Mimi nimefika mwisho," alisema.

Msimamizi akaikodolea meza macho, na kwa mara ya kwanza akajiuliza lile swali kwa kila kitu alichokiona. "Mama, kwa nini tunakata kila saizi peke yake?"

"Ili vipande visichanganyike kule kwa washonaji."

"Tukiweka alama ya chaki kwenye kila kipande, je? Mgongo wa saizi kubwa unaacha nafasi inayotosha mkono wa saizi ndogo."

Mama Chaki akamtupia chaki. "Chora."

Zilitoka mia mbili na moja. Siku ya nne meneja alizihesabu zikiwa zimekunjwa, akanyanyua gunia la mabaki kwa mkono mmoja, akashangaa wepesi wake. Msimamizi angeweza kunyamaza, mambo yakaisha hapo. Akapiga moyo konde akasema kila kitu: sahihi, Ijumaa, vidole vinne, na nani aliyeokoa kazi.

Meneja akalishusha gunia. "Kufukuza sikufukuzi, oda imetimia. Lakini kuanzia kesho chumba hiki kitasimamiwa na Mama Chaki. Wewe utakuwa chini yake."

Ilimchoma. Miaka sita ya cheo si mchezo. Lakini meneja alipoondoka, alijikuta ameshusha pumzi, maana hatimaye kazini na nyumbani palilingana. Akaisogelea meza.

"Mama, kuna mengine uliyonifundisha ambayo sababu zake zimeshakufa?"

Mama Chaki alifikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole, akamaliza mkono wa kwanza na kuingia wa pili.

"Vuta kiti, mwanangu," alisema. "Leo tutachelewa."