Kinamasi Kinachochuja Maji ya Mji

Injinia alikuwa na siku tisa tu katika kituo cha kusafisha maji alipotia sahihi barua iliyokuja kumtoa jasho. Ilikuwa barua fupi, aya mbili. Kampuni moja ilitaka kufukia kinamasi kilichoko juu ya mji ijenge maghala, na halmashauri ilitaka kujua kama idara ya maji ina pingamizi. Injinia aliitazama ramani, akaona eneo limepakwa rangi ya kijivu na kuandikwa "ardhi isiyotumika", akasaini huku anapuliza chai. Hatuna pingamizi. Akagonga mhuri, akavuta faili jingine.

Nakala ilipelekwa maabara, kama utaratibu ulivyotaka. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la pampu, chenye sinki lililopasuka ukingo, rafu za chupa, na dirisha linalotazama machujio. Humo alifanya kazi mama mmoja wa makamo, mpimaji wa maji, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Chupa, maana hakuna aliyewahi kumwona bila chupa mkononi au mfukoni mwa koti lake jeupe. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka ishirini na sita. Mainjinia walikuja wakahamishwa, yeye yupo.

Aliisoma nakala ile mara mbili, akavua miwani, akaenda kupiga hodi.

"Karibu, mama," Injinia alisema.

"Ahsante. Unavaa viatu namba ngapi?"

"Namba tisa. Kwani vipi?"

"Kuna buti za mpira stoo. Kesho asubuhi twende ukakione ulichokisaini."

Hakusema kwa ukali hata kidogo, na hapo ndipo Injinia alipoona aibu.

Walianzia upande wa juu, mahali kijito kinapoingia kinamasini. Kabla ya kufika hapo kijito kilikuwa kimeshapita nyuma ya machinjio, gereji mbili na nyumba zisizo na mabomba ya majitaka, na kila mmoja alikuwa amekitupia chake. Maji yalikuwa ya kijivu, yana povu, na harufu yake ilimfanya Injinia azibe pua. Mama Chupa aliinama, akajaza chupa, akaifunga, akaitia mfukoni.

"Haya ndiyo yanayoingia," alisema. "Sasa nifuate. Kanyaga ninapokanyaga mimi."

Wakazama kwenye mafunjo. Yalikuwa marefu kumzidi Injinia mara mbili, vichwa vyake vimetawanyika kama nywele zisizochanwa, na chini yake kulikuwa na ubaridi ambao Injinia hakuutarajia. Kijito kile kilichokuwa kikienda mbio kilikuwa kimetoweka. Maji yalijitandaza kila upande, yakawa yanatambaa polepole kati ya mashina. Kereng'ende wekundu walitua juu ya majani. Ndege mdiria alipita kama cheche ya bluu. Mbele kidogo kambare alijigeuza, tope likatifuka kisha likatulia.

"Maji hapa hayana haraka," Mama Chupa alisema, sauti yake imeshuka kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa aliyelala. "Yakipunguza mwendo, tope linazama. Mizizi nayo inakula ule uchafu, na wadudu wasioonekana kwa macho wanamalizia. Mvua ikipiga, maji yote yanajaa humu badala ya kushuka mjini kwa pupa. Kiangazi kikija, kinamasi kinayatoa kidogo kidogo. Unadhani kwa nini pampu zetu hazijawahi kukauka?"

Injinia alitaka kujibu, lakini alikuwa amekosea hatua. Mguu ulizama, wa pili ukafuata, akajikuta yumo topeni hadi kiunoni, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Mama Chupa alicheka mpaka akashika mbavu. "Ardhi isiyotumika hiyo, Injinia! Inakutumia wewe sasa!" Kisha akamvuta kwa nguvu ambazo mwili wake mdogo haukuonyesha.

Iliwachukua saa mbili kutokea upande wa chini, jirani na bomba linalopeleka maji kituoni. Hapo kijito kilijikusanya tena, kikawa kinapita juu ya changarawe. Mama Chupa alijaza chupa ya pili, akampa Injinia zote mbili azielekeze juani. Ya kwanza haikupitisha mwanga. Ya pili ilikuwa angavu kiasi kwamba aliuona mstari wa kiganja chake upande wa pili.

"Mimi nilidhani sisi ndio tunaosafisha maji ya mji huu," Injinia alisema.

"Sisi tunamalizia tu," Mama Chupa alijibu.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni akamkagua juu mpaka chini. "Baba, umekwenda ofisini au umekwenda kulima mpunga?"

Akamweleza yote, hata kwa mikono, jinsi mafunjo yalivyosimama na jinsi maji yalivyotoka.

"Basi kaifute barua yako."

"Ina mhuri tayari."

"Mhuri si wino tu?"

Asubuhi alipeleka barua ya kuiondoa ile ya kwanza. Katibu wa halmashauri aliisoma akajikuna shingo. Alisema Injinia amechelewa, kampuni imeshaanza kazi, suala hilo litasubiri kikao. Na kweli, Injinia alipopita huko alikuta malori yamemwaga kifusi kwenye kona moja, na tingatinga limechimba mfereji pembeni ili kijito kikwepe kinamasi na kukiacha kikauke.

Siku ya sita baada ya barua hiyo mvua kubwa ikanyesha tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi Mama Chupa aliingia ofisini bila hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka chupa juu ya meza. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali.

"Yanatoka bombani mwetu. Yamepita mferejini moja kwa moja. Machujio yameziba, shabu ya kugandisha tope naongeza lakini haligandi."

Injinia alikimbilia kwenye machujio, akaona kwa macho yake mabwawa manne yamegeuka uji. Angeweza kuyaacha maji yaende, watu waone rangi na walalamike. Akaamuru pampu zizimwe. Kwa siku mbili nusu ya mji haikupata tone, na simu ya ofisini haikunyamaza. Soko la chini nalo lilifurika hadi magotini, jambo ambalo wauzaji walisema hawajawahi kuliona.

Kikao kiliitishwa haraka. Ukumbi ulijaa, na mwakilishi wa kampuni alianza kwa kusema wao wana kibali halali, idara ya maji yenyewe ilikubali. Watu wakamgeukia Injinia. Alipiga moyo konde, akasimama, akaisoma barua yake mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina lake chini.

"Niliisaini bila kwenda kuona," alisema. "Kosa ni langu. Siku niliyopelekwa na mpimaji wetu ndipo nilipojua kwamba kile ni kituo cha kusafisha maji kikubwa kuliko changu. Nawaombeni mfereji ule ufukiwe."

Mama Chupa aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasimama, akataja vipimo vya maji kabla na baada ya mfereji, akaketi. Dakika moja haikutimia.

Mfereji ulifukiwa wiki ile ile, na kampuni ikapewa kiwanja kingine kando ya barabara kuu. Kona yenye kifusi haikurudi, mpaka leo ni upara mwekundu usioota kitu. Lakini kijito kilirudi kwenye mafunjo, na baada ya majuma kumi na moja vipimo vya uchafu vilishuka vikawa kama zamani.

Injinia sasa huenda huko kila mwezi. Mara ya mwisho alikuwa amesimama na Mama Chupa karibu na changarawe, pale fisi maji wawili, wanyama wembamba wala samaki, walipochomoza majini, wakapigana kwa mchezo, wakazama tena. Injinia alimshika mkono kwa furaha, karibu amwangushe.

"Umewaona, mama?"

"Nimewaona," Mama Chupa alisema huku anafunga chupa. "Nao wamekuona. Sogea, umesimama kwenye njia yao."